Kufuru ya Mama Twende

Hakuna jeneza lililotoka kwenye karakana ile kabla fundi mwenyewe hajalilalia. Hilo ndilo kosa lake lote, na kama alikuwa na mengine, hayatuhusu. Akishamaliza randa, msasa na vanishi, na vanishi ikakauka vizuri, alivua viatu, akapanda, akajinyoosha chali mikono kifuani, kisha akawaambia wafanyakazi wake wawili waweke kifuniko. Halafu sauti ilitoka humo ndani, nzito, kama ya mtu anayeongea chini ya blanketi: "Twende!"

Wale wawili, mmoja mrefu na mmoja mnene, walipitisha kamba mabegani, wakanyanyua jeneza pamoja na bosi wao, wakalizungusha uani. Walipita kwenye bomba la maji, wakainama chini ya kamba ya nguo, wakazunguka rundo la mbao na kurudi. Humo ndani fundi alikuwa kazini. Alisikiliza kama sakafu inalia, alitafuta tundu linalopitisha mwanga, alipima kama mabega yana nafasi, na muda wote alifoka. "Nyanyueni nyuma! Nyuma, nimesema! Mnadhani mmebeba gunia la mkaa? Huyu ni marehemu wa watu!" Mtaa mzima ulimwita Mama Twende, na yeye aliitika bila kinyongo.

Na alipoongea na Mungu, aliongea kama anavyoongea na mwenye duka la mbao. "Baba, hizi za leo zimejaa mafundo. Ulikuwa unakimbilia wapi?" Akijigonga kidole kwa nyundo, alitazama juu na kuuliza kama huko wamefurahi sasa. Mtu akimwonya kwamba anachezea vitakatifu, jibu lake lilikuwa tayari: "Mwokozi mwenyewe alikuwa seremala. Nionyesheni palipoandikwa kwamba hakukalia kiti alichokitengeneza." Hakuna aliyewahi kumwonyesha, ingawa wengi walisema wanakwenda kutafuta.

Nyuma ya karakana, katika nyumba ya vyumba vitatu, aliishi na mtu mmoja ambaye jibu hilo halikumfurahisha hata siku moja. Ni mama mkwe wake, mama wa marehemu mumewe, mwenyekiti wa kina mama wa maombi, mdogo wa umbo na mkubwa wa sauti. Neno lake lilikuwa moja: kufuru. Alilitumia kama wengine wanavyotumia chumvi. Mkwe wake akipiga miayo wakati wa sala, kufuru. Paka akijilamba mbele ya picha ya malaika ukutani, kufuru. Redio ikipiga muziki wa dansi Jumapili asubuhi, kufuru, na redio ikazimwa. Alilivuta mwisho wake, mkono kifuani, "kufuruuu," mpaka kuku wa jirani wakanyamaza.

Mama mkwe huyo hakuwahi kukanyaga karakanani. Akitaka kutoka kwenda barabarani alizunguka kwa nyuma, kwenye kichochoro chenye matope na maji ya kufulia, jua liwake au mvua inyeshe, almradi asipite katikati ya majeneza. Mama Twende aliichukulia kuwa ni dharau, na dharau hiyo ilimchoma. Wali wanaokula unatoka wapi, alijiuliza, kama si kwenye hayo hayo masanduku?

Sasa, tabia hii ya kulala jenezani haikuanza kwa utani. Useremala aliurithi kwa baba yake, na kwa miaka mingi alitengeneza vitanda, milango na majeneza bila kulalia chochote isipokuwa kitanda chake. Kisha mumewe, dereva wa lori, aliugua safarini akarudi maiti. Wakubwa wa familia wakasema mjane asijitese kwa kumtengenezea mumewe jeneza, likanunuliwa moja kwenye duka la madirisha ya vioo mjini, lenye mishikio inayometameta na satini nyeupe ndani. Lilipendeza sana. Walipolinyanyua kulivusha mlangoni, sakafu yake ikaachia. Sitaeleza zaidi. Mjane alikuwepo, na mama wa marehemu alikuwepo, na wote wawili waliona. Tangu siku hiyo Mama Twende hakumwamini fundi yeyote, akiwemo yeye mwenyewe, mpaka mgongo wake uhakikishe.

Mambo yaliharibika siku kina mama wa maombi walipokuja kumjulia hali mwenyekiti wao. Hawakuijua njia ya kichochoroni, wakaingia kwa mbele. Pembeni mwa rundo la mbao wakakutana uso kwa uso na jeneza jipya linalotembea, na ndani yake mtu anaimba wimbo wa kwaya kwa maneno yake mwenyewe, yanayohusu gundi. Hilo peke yake lingetosha. Lakini Mama Twende alisikia nyayo, na kwa kuwa alilelewa vizuri, akaacha kuimba akaita kwa uchangamfu: "Karibuni jamani! Nakuja sasa hivi!"

Mama mmoja alitupa kapu akatimua mbio. Mwingine alipoteza kiatu, na hajakifuata mpaka leo. Wa tatu alizirai juu ya maranda, ambayo kwa bahati yalikuwa mengi na makavu.

Baraza la wazee wa kanisa likakaa. Likamwita mama mkwe, likamuuliza kama ni kweli mke wa mwanawe hulala ndani ya majeneza na kubebwa huku na huku. "Kweli," akajibu. "Nimemwambia mpaka nimechoka kwamba ni kufuru." Jumapili ikatangazwa mbele ya watu wote: muumini yeyote asizikwe kwa jeneza la fundi yule mpaka fundi apige goti, atubu, na aape kwamba hatalala tena.

"Sitapiga goti kwa sababu ya kulala," alisema Mama Twende, na alisema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Hata wao wanalala, tena wakati wa mahubiri."

Maneno matamu, lakini wateja walikoma. Karibu wafiwa wote wa mji ule walikuwa watu wa kanisa lile. Majeneza yalisimama ukutani, vumbi likaanza kuyazoea. Mrefu na Mnene walishinda wakicheza karata juu ya kifuniko, na kila jioni waliaga kwa adabu ya watu wanaotafuta kazi kwingine. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Kuapa kungemrudishia wateja, hilo alilijua vizuri. Lakini akiapa, sanduku litatoka pale bila kujaribiwa, na siku moja mama fulani atasimama mlangoni kwake na kuona walichokiona wao. Bora kufunga karakana, aliamua, na usingizi ukampaa.

Kesho yake usiku, mezani, alishindwa kuvumilia. "Mama, ni wewe uliyenipeleka kwa wazee?"

"Nimeulizwa, nikasema ukweli."

"Ukweli wote? Uliwaambia na kwa nini nalala?"

Mama mkwe alisukuma sahani yake kando. "Hawakuniuliza," akasema, akainuka akaenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Mchana mmoja, wafanyakazi wakiwa wamekwenda kula, Mama Twende alikuwa akifunga skrubu za mishikio kwenye jeneza ambalo hakuna aliyeliagiza. Mikono haikuzoea kukaa bure. Mwanga wa mlangoni ukazibwa kidogo. Aligeuka, akamwona mama mkwe wake kizingitini, amekumbatia mkoba wake kama mtu aliyefika ofisi ya serikali.

"Mama? Kuna nini?"

"Lazima kuwe na kitu?"

"Hujawahi kuingia humu."

"Leo nimeingia." Alitazama chini, mahali pekee pasipokuwa na jeneza. "Daktari anasema moyo wangu umechoka."

"Umechoka vipi?"

"Umechoka tu. Wewe ukichoka hufanyaje? Unapumzika. Usinitolee macho, mwanangu, sijafa bado." Kisha akaonyesha kwa kidevu lile jeneza. "Humo ndani kukoje?"

Mama Twende alitaka kucheka. Aliuona uso wa mzee, akaacha. "Kuna giza, Mama. Kuna harufu ya vanishi. Unausikia moyo wako mwenyewe. Halafu unazoea. Mimi mara nyingine hupitiwa na usingizi."

"Usingizi! Kufu..." Alilianza neno lake, akalimeza. "Mimi naogopa," akasema. "Naogopa tangu siku ile ya mlangoni. Nasimama kwenye vitanda vya wagonjwa nawaambia wasiogope, wanakwenda pazuri. Halafu nikirudi nakanyaga matope kichochoroni ili nisiyaone haya masanduku yako. Wewe unatoka humo unacheka. Nataka nijue kuna nini. Nilaze."

Kumbe haikuwa dharau. Mama Twende aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alimvua mzee viatu, akampa mkono, akampandisha, akamwekea koti lake la kazi chini ya kichwa. Mama mkwe alijinyoosha, macho amefumba kwa nguvu.

"Funga," alisema. "Funga yote, usiache ufa. Nikigonga, fungua mbio."

Vifuniko vya Mama Twende vilikaa sawasawa, hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake. Kifuniko kilishuka kikakaa, na pumzi ya mzee haikusikika tena. Na kabla hajaondoa mkono juu yake, akasikia mtu anakohoa mlangoni.

Walikuwa wawili. Wa kwanza ni Mwenyekiti wa wazee, mtu wa koti zito hata wakati wa joto kali. Wa pili ni Katibu, mwalimu mstaafu wa lugha, ambaye hakuwahi kuanza jambo bila kulifafanua. Walitarajiwa mwisho wa wiki, kuja kusikia jibu lake.

"Tulikuwa tunapita jirani," alisema Mwenyekiti. "Tukaona tumalize jambo lako. Unatubu au hutubu?"

Mama Twende alihesabu haraka. Akibisha kama alivyopanga kubisha, watakaa mpaka jioni, na mzee ana moyo uliochoka. Akifungua, mwenyekiti wa kina mama wa maombi atainuka kutoka jenezani mbele ya baraza, na hofu aliyoificha miaka yote itakuwa sokoni kabla jua halijazama.

"Natubu," akasema.

Mwenyekiti alikuwa amejiandaa kwa vita. "Unatubu?"

"Natubu kabisa. Asanteni kwa kuja, wazee wangu. Mlango ule pale."

"Taratibu," alisema Katibu, akiusimika mwavuli wake kwenye maranda. "Mtu hatubu asichokijua. Unajua kufuru ni nini?"

"Najua, Mwalimu. Ni mimi."

"Hapana, hapana. Tuanze na neno lenyewe. Kufuru si neno la kuzaliwa hapa, limetoka kwenye Kiarabu. Wao hulitamka kwa mkupuo mmoja, kufr, basi, limekwisha. Ndimi zetu sisi hazipendi konsonanti zilizobanana namna hiyo, tukalitia hewa: ku-fu-ru."

"Tulifanya vizuri kutia hewa," alisema Mama Twende, macho kwenye kifuniko. "Hewa ni muhimu sana, Mwalimu. Nipige goti hapa au pale?"

"Subiri. Mkazo uko kwenye fu. Silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo desturi ya lugha yetu. Kuna watu wanavuta mwisho, kufuruuu, wakidhani ndio ucha Mungu. Hata mama mkwe wako, mwanamke ninayemheshimu sana, analitamka vibaya."

Kitu kikagonga ubao kwa ndani.

"Nini hicho?" aliuliza Mwenyekiti.

"Mbao, Mzee. Mbao mbichi hujinyoosha." Mama Twende alikalia ukingo wa jeneza, jasho likimtiririka mgongoni. Je, huko kulikuwa kugonga kwa hasira, au ndiyo ile ishara waliyokubaliana? Alipiga kifuniko kwa vidole polepole, kama anayefikiri, na kutoka ndani vidole vikamjibu polepole vile vile. Bado yuko hai, basi. Amekasirika tu.

"Maana yake sasa," aliendelea Katibu, ambaye hakuwahi kupata darasa tulivu kama hili tangu astaafu. "Ni kumtaja Mungu kwa dhihaka, kuvichezea vitakatifu, kuzikana neema zake. Siku hizi vijana wamelishusha hadhi. Kila kilichozidi kipimo ni kufuru. Utasikia bei za kufuru, harusi ya kufuru, fulani amejenga nyumba ya kufuru..."

Mwenyekiti alikazia macho dari. Nyumba yake mpya, yenye nguzo nne na hakuna cha kushikilia, mji mzima uliiita hivyo hivyo.

"Fupisha, Katibu," alisema.

"Nafupisha. Tumefika kwenye asili. Mzizi wa neno hili huko lilikotoka ni kufunika. Mkulima anayefukia mbegu udongoni, hata yeye zamani aliitwa kwa mzizi huo huo, wala haikuwa tusi. Anayekufuru, kwa hiyo, ni mtu aliyekwisha kuiona kweli akaifunika makusudi."

"Kufunika?"

"Kufunika."

"Basi hapo umenipata, Mwalimu," alisema Mama Twende kwa moyo wake wote. "Nimekufuru. Nakufuru hata sasa hivi mkiniangalia. Nisomeeni hicho kiapo."

Akapiga goti. Alipiga kwenye sakafu ya saruji, katikati ya maranda, yeye aliyetangaza mbele ya mtaa kwamba hatapiga. Kufuata maneno ya Mwenyekiti kulimuuma kuliko goti. "Sitalala tena," alisema, "ndani ya jeneza lolote."

"Nikiwa hai," aliongeza Katibu, kwa usahihi.

"Nikiwa hai."

Ilikuwa imekwisha. Kila alichokilinda tangu mumewe azikwe alikuwa amekitoa kwa sentensi moja, na aliijua tofauti ya jeneza lililojaribiwa na jeneza la kubahatisha vizuri kuliko watu hawa wawili na baraza lao. Mwenyekiti alimwekea mkono kichwani, akatangaza kwamba katazo limeondolewa, akageuka kwenda. Mlangoni Katibu alisimama tena. "Na kafara, kwa taarifa yako, ni ndugu wa neno hilo hilo, kwa sababu sadaka hufunika..." Mwenyekiti alimshika mkono wa shati, akamvuta nje kama mbuzi.

Mama Twende alikinyanyua kifuniko kwa nguvu iliyowatosha watu wawili.

Mama mkwe alikuwa amelala vile vile, jasho usoni, kilemba upande, macho yako wazi kabisa. "Mimi," alisema, "anifundishe mimi kutamka?"

"Mama, uko salama? Moyo?"

"Moyo uko mahali pake. Nimesali kwa neno hilo kabla yeye hajajua kusoma." Alikaa, akashika kingo mbili za jeneza. Kisha sauti ikamshuka. "Umepiga goti."

"Nimepiga."

"Ulisema hutapiga."

"Ulitaka nifanyeje? Nikufunue mbele ya lile koti?"

Mzee aliinama. Alipapasa sakafu ya jeneza chini yake, akaikandamiza kwa kiganja, mahali pamoja, tena na tena. "Walipomwinua mlangoni," alisema, "nilidhani ni mikono ya watu iliyoteleza. Niliwalaumu vijana wa watu. Wewe ulijua ni sakafu." Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. "Niliwaambia wazee unalala. Sikuwaambia kwa nini. Ningewaambia, ningelazimika kuikumbuka ile siku, basi nikakutoa wewe kafara."

Mama Twende alikaa chini, akaegemeza kichwa kwenye ubao wa jeneza, akalia na yeye, kwa sauti, bila haya. "Nimeapa, Mama. Yatatoka bila kujaribiwa."

"Umeapa wewe. Mimi nimeapa nini?"

"Wewe hukusema kitu."

"Basi." Mama mkwe alikifungua kilemba chake, akakifunga upya, kwa utaratibu wa mtu anayekwenda ibadani. Mrefu na Mnene walirudi kutoka kula wakiwa bado wanajifuta midomo, wakamkuta ameketi jenezani, miguu ameinyoosha. Walisimama pale pale kizingitini.

"Mnaangalia nini? Leteni kamba," aliwaambia. "Na bega la kushoto hapa linanibana. Mtu mwenye mwili atateseka. Nani atakwenda kuliambia baraza kwamba mwenyekiti wa kina mama wa maombi amekufuru? Wewe, mrefu? Haya, beba."

Wakamtazama fundi. Fundi aliinamisha kichwa kukubali.

Wakafunika, wakanyanyua. Wakapita bomba la maji, wakainama chini ya kamba ya nguo, na Mama Twende akitembea pembeni, kiganja chake chini ya sakafu, akisikiliza. Haikulia. Kwa muda kutoka ndani hakukusikika chochote, akaanza kuogopa, akawaashiria wasimame, akafungua. Mama mkwe alikuwa amefumba macho, uso umelegea, anapumua taratibu.

"Mama?"

"Niache kidogo." Alifumbua jicho moja. "Kesho yapo mengine?"

"Yapo mawili, Mama."

"Niamshe mapema," alisema mzee, akalifumba tena.